Maji ya Mlingoti wa Redio

Baba Athumani,

Wewe uliyelala huko, nisikilize kidogo. Nina salamu zako na siwezi kukaa nazo. Shule sikuiona, unajua, lakini kisomo cha jioni cha kijiji kimenipa herufi hizi zilizopinda. Utazisoma hivyo hivyo.

Nimo edani bado. Kiangazi kimekaza, udongo wa Sindeni umepasuka kama kisigino changu. Na redio yako, tangu tukuzike, inakoroma tu. Waliokuja msibani walianika kanga mbichi kwenye waya wako wa juu, ule wa mlingotini, ukalegea. Msibani hapagombwi.

Juzi alasiri nimekaa na dada yako Mwanahawa, redio ikasema "Athumani," ikakoroma, ikasema "Sindeni," ikakoroma tena, ukaingia muziki. Basi. Na redio hiyo inasoma salamu za vijana walioko vitani, inasoma na vifo. Mwanetu ametajwa kwa lipi? Mkewe akaketi palepale mlangoni, mjukuu wako mgongoni. Nikamwambia asilie, hatujasikia kitu. Moyoni, mume wangu, mimi nilikuwa nimeshamzika.

Majirani wakasema kesho yake mchana redio itarudia kipindi.

Asubuhi tukaanza. Mawe ya redio, betri zile, tukayatoa, tukayaanika juani. Sauti ikapanda, na kukoroma kukapanda nako. Waya wa juu tukaukaza usiguse bati. Kiungo chenye kutu nikakikwangua kwa kisu. Bado. Mwanahawa, na ule ulimi wake, akasema redio inamlilia mwenyewe. Nikamwambia wifi, anayelia ni wewe, shika waya.

Ndipo nikauona waya wa chini, ule unaoshuka ukutani hadi kwenye nondo uliyoichimbia mguuni pa mlingoti. Udongo mkavu, umeachana na nondo. Nikakumbuka kata yako ya maji. Kila jioni unamwagia pale, mimi nikidhani unatambikia wazee, nikikusuta: swala tano, na tambiko juu yake. Wewe unacheka tu. "Acha udongo unywe, Mama Athumani, nawe usikie." Mzee mjinga wewe, si ungesema ni dawa ya redio?

Nikamwaga ndoo nzima, maji ya kubeba kichwani. Mkwe wetu akanitazama kama nimerukwa na akili. Redio ikakohoa. Ikanyooka.

Saa yenyewe ilipofika tukaisogelea redio sote.

Salamu. Ni salamu, baba. Athumani wa Sindeni, Handeni, ni mzima, anamsalimu mkewe, anamsalimu mama yake, "na zaidi baba yangu, mwambieni nikirudi tutasimamisha mlingoti mrefu kuliko huo."

Zaidi baba yangu. Hajui. Habari yako haijamfika huko. Mkewe alianza kigelegele, kikamkwama alipoyaona mavazi yangu ya eda.

Basi ndizo hizo, pokea. Nimezileta zote, sikubakiza neno.

Lala, mume wangu. Mlingoti nitaunywesha kila jioni, asije mwanetu akatuita tukashindwa kumsikia. Na siku atakayorudi, asinitangulie mtu yeyote kumwambia. Nitamwambia mimi, kwa mdomo huu, tumesimama palepale kwenye nondo. Kisha nitampa kata.

Mimi wako,
Mama Athumani