Boti Iliyoruka Juu ya Pikapu

Nyumbani,
chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Je, kifua chako kimepoa? Huku afya zetu ni nzima, ila goti la mama linamsumbua akipanda ngazi. Mengine si mazima hata kidogo, na sitakuficha.

Ni ile boti ya marehemu baba uliyotaka ipelekwe kwa seremala, ili ukija likizo uikute tayari. Ulituambia kwenye simu, "Ipandisheni juu ya pikapu, ni kazi ya dakika kumi." Kweli, baba mdogo aliimaliza kwa dakika kumi. Aliipindua juu ya keria, akaizungushia kamba mbili katikati, tena zile za kuanikia nguo, akapiga ubavu wa gari kofi kama aliyemaliza kujenga ghorofa.

Nikamwuliza, "Baba mdogo, mbona mbele hujafunga?"

Akacheka. "Mwalimu, kafundishe hesabu zako. Mimi nilianza kuendesha hujazaliwa."

Unamjua alivyo. Hatukumwita Mjuzi bure.

Tulipofika kwenye mteremko wa kituo cha mafuta alikuwa mbio. Tuta akaliona limeshafika, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikasikia kamba zikikatika, paa likakwaruzwa, halafu boti ikapita mbele ya macho yetu kama mbuzi aliyefunguliwa zizini. Muuza maziwa alikuwa ameinama pembeni kabisa ya barabara, anarudisha mnyororo wa baiskeli. Ilimpiga mguuni. Maziwa yakatapakaa lami yote, naye amekaa katikati yake akiutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kaka, baba mdogo alishuka akaenda kwenye boti kwanza! Akaipapasa ubavu, akauliza, "Imepasuka?"

Nilimpigia kelele mbele za watu. Sijutii.

Kabla askari wa barabarani hajafika, akanivuta mkono. "Sema alikatiza ghafla. Mimi nilikuwa namkwepa."

Askari aliponiuliza nilisema nilichokiona: kamba, mwendo, tuta na mahali alipokuwa yule mtu. Leseni ikachukuliwa palepale, na mwezi ujao baba mdogo anasimama mahakamani.

Tangu siku hiyo nyumba hii haikaliki. Shangazi amekuja mara mbili kunieleza kwamba nimeichongea damu yangu. Mama ananipa chakula bila neno, kama mpangaji. Nawe, niliyekutegemea, ukaanza ujumbe wako kwa maneno mawili: "Yamalizeni kifamilia."

Kifamilia na nani? Muuza maziwa si wa familia yetu. Mguu wake umevunjika mahali pawili, na mkewe sasa anabeba madumu kichwani nyumba hadi nyumba. Hujauliza hata hali yake! Umeuliza kama mbao zinaweza kuungwa. Nilisoma ujumbe wako darasani, ikabidi niwape watoto zoezi nitoke nje nipumue.

Juzi nilikwenda wodini kumwona. Nilidhani atanishukuru kwa kusema kweli, nisikudanganye. Akaniangalia kwa utulivu, akauliza, "Mwalimu, uliona kamba hazitoshi kabla hamjaondoka?"

Nikajibu, "Niliona. Nikamwambia."

"Halafu?"

"Halafu nikapanda nikakaa."

Akageukia ukutani.

Basi ujue kwamba katika hasira zote nilizo nazo, kwa baba mdogo, kwa shangazi na kwako, kule kupanda nikakaa ndiko kunakoninyima usingizi. Mahakamani nitalisema na hilo pia, bila kuulizwa.

Boti iko uani, imepasuka ubavu. Sitaigusa. Ukija, usianzie kwa seremala. Shuka kwenye basi, tuma mizigo nyumbani, uende moja kwa moja kwa yule mtu. Jina lako ulitaje mwenyewe, na umwambie boti ilikuwa inapelekwa kutengenezwa kwa ajili ya nani.

Msalimie wifi sana, na wanangu wote wawili. Yule mdogo mwambie shangazi yake, yaani mimi, nimeiona picha aliyonichorea. Mama hajui kama nakuandikia, lakini najua angekusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akupe na moyo wa kuielewa barua hii.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata leo akiwa amekukasirikia.