Kikombe cha Uji Kabla ya Upasuaji

Baba,

Nakuandikia nikiwa wadi ya wanawake hapa Nyeri. Jiwe kama lile lililokuua wewe limenipata na mimi. Limekwama kwenye mrija unaotoka figo ya kushoto, halipandi wala halishuki. Likianza kusukuma nashika chuma cha kitanda na kutapika. Nimezaa watoto wanne, na uchungu wao wote haufiki hapa. Sasa najua ulikuwa unaenda kufanya nini nyuma ya ghala la kahawa.

Mambo yamebadilika tangu uende. Siku hizi si lazima wapasue ubavu. Kuna daktari anayekuja mara moja kwa mwezi. Anapitisha kimrija chembamba chenye taa kwenye njia ya mkojo mpaka lilipo jiwe, analivunja, na baada ya siku mbili uko nyumbani. Jana sista alinieleza mara tatu, kama mtoto: tangu usiku nisile, nisinywe hata chai. Ukilazwa usingizi na kitu tumboni, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Nikaitikia.

Leo alfajiri akaingia dada yako, Tata Nyambura, ametoka Kangema na chupa ya uji wa kuchachuka.

"Kunywa, maitu. Ati ukatwe na njaa?"

Unajua ananiita mama yake kwa sababu nimebeba jina la nyanya. Alikuwa ameupika mwenyewe, na mkono wake siku hizi unatetemeka. Nilishindwa kuuacha ukining'inia na kikombe. Nikanywa chote, na nikwambie ukweli, kilikuwa kitamu.

Saa mbili sista atapita na karatasi yake. Nikisema, jina langu linafutwa, na mwezi mzima tena ni mimi na jiwe. Siwezi, Baba. Nikinyamaza, huenda nisiamke. Huenda pia nikaamka vizuri tu, na hilo ndilo linalonijaribu.

Nimekumbuka siku ile mimi na wewe mbele ya daktari. Kiswahili kilikuwa kinakupiga chenga, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wako. Aliuliza kama unakojoa damu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ukaitazama kofia yako magotini. Wewe pia uliniita maitu; mwanamume atamwambiaje mama yake jambo kama hilo? Ukasema, "Mwambie ni mgongo tu."

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nafua nguo zako. Damu niliiona. Nikamwambia ni mgongo tu. Tukapewa vidonge, tukarudi nyumbani, na kabla ya mavuno tukakuzika. Miaka hii yote nimekukasirikia wewe ili nisijikasirikie mimi.

Sista amekuja, ameondoka. Nimemwambia, Tata akiwa amekaa hapo hapo na chupa mapajani. Hakunigombeza. Alichukua kitambaa akafuta jina langu ubaoni, akaniuliza kama nataka sindano ya maumivu. Tata alijifunika uso kwa leso. Nimemwambia kosa si lake, kosa ni la aliyejua akanywa.

Sindano bado haijashika. Nalia kwa sauti na wadi nzima inasikia, na wala sijali.

Pumzika, Baba. Mwezi ujao nitarudi hapa tumbo tupu. Tata ameapa kukaa mlangoni kufukuza kila mwenye chupa. Na daktari akiniuliza chochote, mbele ya yeyote, nitajibu, hata kama ni habari ya mkojo. Nisamehe kwa ile siku. Ningemwambia tu: ana damu, nimeiona kwa macho yangu.

Mimi,
maitu wako