Kitasa cha Mlango wa Bi Solveig

Dada Ardis,

Huku Bemidji ziwa limeganda tena, na mbwa uliyeniachia anakula kuliko mimi.

Nilikwenda kwa yule mshauri nasaha, basi usinisumbue. Hakuna kitanda cha kulalia wala mtu wa kukukodolea macho. Bi Solveig ana viti viwili, kahawa, na boksi la tishu ambalo sikuligusa. Aliniambia nitakayosema hayatoki mle ndani, na nianze popote. Nikaanza na trekta. Saa nzima, dada, trekta tu! Wala hakunikatiza.

Muda ulipokwisha nikavaa koti, nikashika kitasa, ndipo mdomo ukasema wenyewe: "Mwanangu Kurt alizama ziwani mwezi wa tatu."

Hakushtuka. "Wengi husema la moyoni wakiwa mlangoni," akasema. "Jumanne tutaanzia hapo. Na hilo trekta uje nalo."

Haya, shemeji nisalimie. Mwambie jua la Arizona lisimlevye.

Nduguyo,
Verlyn

Kabla sijafunga bahasha: buti za Kurt bado ziko barazani. Kila theluji ikianguka, nazikung'uta.