Moshi wa Alhamisi

Jumatatu, 3 Februari 2025
Leo nimempa Hashil chai ya chumvi. Kainywa yote, mume huyu! Kamaliza ndiyo ananiuliza, mke wangu, sukari imeisha? Nikacheka mpaka nikalia. Kilio kimetokea wapi, sijui.
Ni tangu ule moto wa wiki iliyopita. Magodoro kwenye stoo ya chini yaliwaka, moshi ukapanda ngazi mpaka kwetu ghorofa ya tatu. Tulitoka wazima — Dalia kifuani kwangu, mama mkwe nyuma kang'ang'ania dera langu. Alhamdulillahi. Lakini sasa pikipiki ikipiga mlipuko barabarani, mimi huyo nimechutama! Usingizi wa mang'amung'amu. Maziwa yamepungua, mtoto anavuta, anakasirika.
Nitakaa sawa. Najijua.

Jumatano, 5 Februari
Kliniki. Uzito wa Dalia haujashuka — nusura nimbusu nesi! Nesi Hyasinta kaniuliza, mama, mbona mikono inatetemeka? Nikamweleza. Akasema wengi huwa hivyo wakipitia jambo la kutisha. Moyo kwenda mbio, kusahau, hasira za bure, hata kusikia harufu ambayo haipo. Siyo wazimu. Mwili bado unalinda, haujaamini kwamba yamekwisha. Nile, nilale mtoto akilala, niongee na watu wangu. Nimnyonyeshe mara kwa mara, maziwa yatarudi. Nisipoona nafuu, nirudi.
Nimetoka pale nimenyooka mgongo.

Alhamisi, 6 Februari
Kasheshe! Zamani mama mkwe alikuwa anafukiza udi Alhamisi tu. Tangu moto ni kila siku, sebuleni, na mimi najitoa zangu kibarazani. Leo kaleta chetezo mpaka chumbani. Ule moshi kunifikia tu — jasho, kifua kimebana. Nikamnyakua Dalia, nikashuka ngazi pekupeku, kichwa wazi, mpaka dukani kwa Hashil, anakouza mapazia. Wateja wote macho kwangu. Hashil hakuuliza. Kachomoa pazia moja kanifunika.
Narudi juu, namsikia Mama kwenye simu na wifi Anfal: Mtu mzima anaukimbia udi? Huyo siyo yeye, kapandwa na shetani siku ya moto. Mtoto asiguse maziwa yale mpaka mama yake asomewe!
Nikamwambia, Mama, nimekimbia moshi. Shetani gani anakimbia akakumbuka kubeba na nepi?
Hakucheka.

Ijumaa, 7 Februari
Asubuhi. Imepangwa bila mimi. Wakitoka msikitini Dalia apelekwe Ilala kwa wifi, akanywe maziwa ya kopo. Hashil ananibembeleza, siku mbili tatu tu, tumridhishe Mama. Nikamwambia, Baba Dalia, kisomo nasomewa hata sasa hivi, nitashukuru. Mtoto haondoki.
Akasema: Basi utamwambia mwenyewe.
Haya. Nitamwambia.
Mapazia ya sebuleni Mama kayafua tena leo! Nimemwona dirishani akiyaanua. Kalinusa moja, kakunja uso, yote yakarudi kwenye beseni. Yako meupe kama maziwa.

Mchana. Mama kaja mlangoni kavaa baibui, mkoba wa Dalia begani. Niletee mtoto, bajaji imefika. Nikasema, hajashiba, Mama.
— Dereva anangoja.
— Angoje. Dalia haendi popote. Nakuheshimu, lakini haendi.
Akafungua mdomo. Nikamuwahi, taratibu: Mama, ule moshi... na wewe bado unausikia?
Macho yakamtoka. Moshi gani? Mapazia tu yale, hayatakati! Kisha kidevu kinamcheza. Akaja kitandani, akaninyooshea ncha ya mtandio wake.
— Hebu nusa, mwanangu. Kweli hamna kitu?
Nikanusa. Sabuni tupu. Nikamwambia. Akauvuta, akanusa mwenyewe, akanirudishia. Nusa tena. Nikanusa tena.
Sasa kakaa hapa ukingoni, mkoba bado begani. Naandika kwa mkono mmoja, Dalia ananyonya, na maziwa yanakuja — mengine yanamtiririka shavuni! Mama ananyoosha kidole anamfuta. Bajaji inapiga honi huko chini. Hakuna anayeinuka.