Kaka, Kuhusu Ule Mlango Uliofungwa

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili wameshapona mafua, au bado wanaambukizana kwa zamu? Sisi huku miili ni mizima, tunashukuru. Mama anakula, kidogo kidogo kwa kubembelezwa, na goti lake halimsumbui kama zamani. Mimi nimerudi kazini wiki iliyopita. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe nikituma unausoma halafu unanyamaza, nami naona kabisa kwamba umeusoma. Barua angalau huwezi kuikata katikati.

Najua umenuna, na najua aliyekununisha. Shangazi alikupigia siku ile ulipokosa nafasi ya kusafiri, ukiwa na uchungu wa kutomzika baba yako, akakwambia mlango wa chumba cha dharura ungeweza kufunguliwa ila mimi nilikataa kwa ajili ya utafiti wangu. Ukanipigia ukaniambia nimemuuza Baba. Ukakata. Tangu hapo hujanipigia mimi, sawa, nitavumilia. Lakini hujampigia hata Mama, na hilo ndilo linalonikalisha hapa mezani.

Shangazi si mwongo, Kaka. Ila unamfahamu, habari haitoki mdomoni mwake bila kutiwa chumvi. Acha nikusimulie mimi niliyekuwepo, halafu ukitaka kununa endelea.

Asubuhi ile Baba alikuwa kibandani kwake, ananyoosha rimu ya baiskeli ya mtu. Mama alipompelekea chai alimkuta ameketi juu ya kopo la rangi, jasho linamtiririka, mkono kifuani, anasisitiza kwamba ni kiungulia tu. Ndiye huyo huyo Baba. Hata angevunjika mguu angesema umeteguka. Mama hakubishana naye, alipiga simu akaita gari la wagonjwa. Wakaja dereva na mhudumu, yule tunayemwita Mpole kwa sababu upole hana hata punje. Alimkaripia Baba kwa kutaka kutembea mwenyewe hadi garini, akampa kidonge atafune, akamfunga oksijeni, akatupigia simu njiani tujiandae.

Simu ile niliipokea mimi, nikiwa zamu chumba cha dharura. Aliniambia wana mzee, kifua, hali si nzuri, wanakuja. Hakutaja jina, huwa hatutaji. Nikaenda nikaandaa kitanda. Nilitandika shuka mwenyewe, nikavuta pazia, nikakagua mashine ya kushtua moyo kama tunavyofanya kila siku. Machela ikaingia, na cha kwanza nilichokiona ni viatu vya Baba, vile alivyovitia kiraka cha mpira wa tairi.

Nikasogea kumshika. Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, akanizuia kwa kiwiko, akaniambia nishushe mikono, hapa sasa mimi si muuguzi, ni mtoto wa mgonjwa. Hiyo ni kanuni kwetu, hakuna anayemtibu damu yake. Nami nimewahi kuwaambia wenzangu hivyo hivyo, kwa sauti ya mjuaji. Kaka, nisingeweza hata kupata mshipa. Nikatoka nje, mlango ukafungwa nyuma yangu.

Sasa kuhusu utafiti. Nilikueleza tulipouanza, ukanitania kwamba tumemaliza magonjwa yote sasa tunachunguza milango, kesho tutapima madirisha. Kwa kawaida ndugu wa mgonjwa mahututi haambiwi neno, anaonyeshwa benchi, basi. Sisi wauguzi tulitaka kujua, akiruhusiwa mmoja kuingia, akasimama na muuguzi wa kumweleza kinachofanyika, je, inamsaidia baadaye au inamuumiza? Na je, sisi tunaofanya kazi tunababaika tukitazamwa? Kuna waliosema watu watazimia tuanze kuwaokota na wao. Kuna waliosema mtu akiona tulivyohangaika atalala usingizi. Kila mmoja alikuwa na uhakika wake. Ndiyo maana tukapanga wiki moja ndugu aitwe ndani, wiki nyingine abaki nje kama ilivyokuwa siku zote, kisha baada ya miezi kadhaa tuwatembelee wote tuwaulize.

Wiki ya Baba ilikuwa ya mlango kufungwa. Kwa hilo Shangazi hakuongeza kitu.

Benchini nilimkuta Mama, kanga imemteleza begani hana habari. Kando yake alikuwa mama mwingine ambaye hatukumjua. Mwanawe alikuwa ameletwa muda mfupi kabla yetu, ajali ya pikipiki, yuko kitanda cha pili mle mle ndani. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mwanawe, anakipangusa vumbi kwa kidole. Mama akaniuliza kama tunaruhusiwa kuingia. Nikamjibu ukweli, kwamba wiki hii hapana, wiki ijayo ndiyo. Akaniangalia, Kaka. Sitaki kukuandikia alivyoniangalia.

Mlango ukafunguka kidogo, akatoka Matroni. Hapa sikiliza vizuri. Alisema mipango ya utafiti ni yetu, mume ni wake, kama anataka kuingia aje sasa hivi naye atasimama naye. Hakunitazama hata mimi. Mama akainuka. Akapiga hatua, halafu akageuka kumtazama yule mama wa kiatu, ambaye alikuwa amesikia kila kitu na ameinama. Mama akauliza, "Na huyu mwenzangu?"

Matroni aligeuka akatazama ndani. Kijana wa pikipiki alikuwa anashonwa, anavuja damu, watu wamemzunguka, pale hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama. Akasema, "Huyu bado, mama. Nimekuuliza wewe."

Mama akarudi akaketi. Akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hawezi kumwacha mwenzake benchini peke yake yeye aingie kwa sababu binti yake anafanya kazi hapa. Akasema watangoja wote. Akamshika yule mama mkono, na mimi nikaketi upande wake wa pili.

Ningeweza kumvuta nikamwingiza. Sikumvuta. Wala sikumzuia, Mungu ni shahidi, lakini sikumvuta. Nimejiuliza kama ni kwa sababu ya utafiti, au ni kwa sababu nilimwona Mama ameamua, na Mama akiamua hata trekta halimsogezi. Ukinilaumu kwa hilo nitalipokea, ila usinilaumu kwa mlango, maana mlango ulifunguliwa na aliyekataa ni yeye. Na ukimlaumu yeye, basi mimi na wewe tutagombana kweli.

Tulikaa. Nilikuwa nasikia kila kitu na kukielewa, jambo ambalo simwombei mtu. Nilisikia wanavyohesabu wakimkandamiza kifua. Nilisikia mashine ikitoa onyo la kila mtu aachie. Mama aliniuliza hesabu ile ni ya nini, nikamwambia wanamsaidia moyo wake ufanye kazi. Kisha hesabu ikakoma.

Kwetu habari mbaya haitolewi mtu akiwa wima. Unavua glavu, unanawa, unatafuta pa kuketi, usawa wa macho na mwenye msiba. Ni mimi ninayewafundisha wanafunzi hivyo. Kwa hiyo Matroni alipotoka, nilimtazama magoti. Alipoyakunja aketi, nikajua hatuna Baba.

Mambo mengine yaliyofuata umeyasikia. Tulimzika vizuri, watu walikuwa wengi, hata wale aliokuwa akiwakopesha pampu na kuwatukana wasiporudisha. Kibanda bado kimefungwa. Kuna baiskeli za watu mle ndani na wenyewe wanaona haya kuja kuzidai. Ukipata wazo tufanye nini, tuambie, wewe ndiye mkubwa.

Yule mama wa kiatu Mama bado anamuulizia. Nilijaribu kufuatilia, kijana alihamishiwa hospitali nyingine siku ile ile na huko sikupata mtu wa kunijibu. Sijui kama alipona. Mama anasema kama angekufa angehisi. Sijambishia.

Mimi nimetolewa kwenye utafiti, nilitolewa kwa heshima na walikuwa sahihi. Leo ukiniuliza nitakwambia fungueni milango yote, ng'oeni na bawaba, na ndiyo maana sifai tena kuuliza watu maswali. Atakapofika mwenzangu kumhoji Mama kama wajane wengine, nitampisha nikae uani. Mama mwenyewe amesema aje tu aulize, ila asije na uso wa huruma.

Ila Mama halali, Kaka. Mchana anajikaza, anachambua mchele, anafagia, anamfokea paka wa jirani. Jioni anaweka simu mapajani. Akisikia inalia anaitazama kwanza kabla ya kuipokea, na nikiona mabega yake yanashuka najua si wewe. Swali lake ni lile lile kila siku, kama Baba alisema neno mle ndani. Anasema wamekaa pamoja maisha yote, haiwezekani ameondoka kimya. Nilikuwa namjibu kwamba sijui, na ilikuwa kweli, sikujua.

Nisije nikasahau salamu. Shangazi anakusalimu, na nimemsema, kwa hiyo akikupigia kulalamika vumilia. Mjomba wetu fundi rangi anakusalimu, anauliza kama lile koti ulilomwahidi lilipotea njiani au bado liko dukani. Yule binamu yetu pacha amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Mpe Wifi mkono wangu, umwambie asikuache ukae na hasira ukidhani ni huzuni. Wabusu wanangu.

Kabla sijafunga, kuna jambo nimelizungukia tangu mstari wa kwanza, na sasa niliseme.

Alhamisi Matroni aliniita ofisini, akafunga mlango, akaketi. Nilipoona anaketi nikadhani tumefiwa na mwingine. Akaniambia Baba alizungumza. Ilikuwa mwanzo kabisa, kabla moyo haujasimama. Aliivuta ile barakoa ya oksijeni akauliza, "Mkubwa amekuja?"

Matroni anasema kazi yake yote hajawahi kumdanganya mgonjwa, na hajui kilichomtoka kinywani kilitoka wapi. Alimjibu, "Amekuja, mzee. Yuko hapo mlangoni." Baba akaitikia kwa kichwa, akaiachia barakoa, akakubali kuvishwa tena. Hakuhangaika tena baada ya hapo. Hakuongeza neno jingine.

Hapo mlangoni nilikuwa mimi. Sitakuficha, imeniuma. Nimekaa naye miaka yote hii, nimemkata kucha, nimegombana naye kuhusu chumvi na dawa za presha, na saa yake ilipofika hakunitaja. Nililia ofisini kwa Matroni mpaka akanipa shuka la hospitali nijifutie, maana leso zilikuwa zimekwisha. Lakini nililia pia kwa sababu wewe unajiona ndiye mtoto ambaye hakuwepo, Kaka. Baba amekufa anajua umefika.

Mama sijamwambia. Nimeishika siri hiyo siku tatu na inanichoma, kila jioni ananiuliza nami naangalia pembeni. Neno hilo ni lako, uliachiwa wewe, na yeye anastahili kulisikia kwa sauti yako, si yangu. Siwezi kulishika zaidi ya barua hii kukufikia. Mpigie. Mimi usiniongeleshe ukitaka, hata mwaka mzima, nitakuwa jikoni.

Mwenyezi Mungu akufungulie kifua, akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye hata ukininunia.