Kamba Iliyopita Juu ya Gunia

Kambi ya reli, upande wa Bahi
Jumapili ya tatu, mwezi wa pili

Kaka Mafuru,

Leo ni miezi kumi na saba tangu tutoke wote wawili Ukerewe, na ni miezi mitatu tangu nikuache peke yako chini ya mawe, ng'ambo ya tuta la reli. Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na hapa kambini sina wa kumwambia, maana wote wanakusifu.

Jana tena, tulipokuwa tunabeba mataruma, yule Mnyamwezi mwenye pengo aliwaambia watu wapya waliofika juzi: "Hapa palikuwa na mwanamume, jamani. Alikula hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, ili samaki mwenye mayai asife." Wale watu wakaguna. Mmoja akanigeukia, "Kumbe ni ndugu yako?" Nikasema ndiyo, nikaweka taruma langu begani nikaenda zangu.

Baba amekufa. Ngoja nianze na hilo. Wapagazi waliotoka ziwani walileta habari wiki iliyopita. Unakumbuka waliotangulia walituambia miguu yake imevimba na anatutaka sote wawili, mimi mwanawe na wewe mtoto wa kaka yake, uliyelelewa na yeye tangu hujaota meno. Hawa wa mwisho wanasema aliishi miezi miwili baada ya ile Jumapili yako. Miezi miwili, Kaka, anakula uji, anaongea, anauliza kila asubuhi kama tumeonekana njiani. Kutoka hapa hadi nyumbani ni mwendo wa mwezi mmoja. Piga hesabu mwenyewe, wewe uliyekuwa unajua kupima kila kitu.

Wazimu wa Bwana Mizani, Mzungu wetu wa reli, naujua vizuri kuliko ninavyoijua sala niliyofundishwa ile miaka miwili ya shule. Wiki nzima anapima njia ya reli, Jumapili anapima samaki. Anakwenda kwenye lile dimbwi la mto na ufito wake na uzi wake, anavua kambare mkubwa kama mtoto wa miaka sita, halafu hamli. Anamtundika kwenye mizani kwa ndoano ya shavuni, anaandika kitabuni, anamkata kidogo pezi ili amjue siku nyingine, anamrudisha majini akue zaidi. Yote hayo ili amshinde mwenzake wa Kilimatinde, nani kavua mzito kuliko mwenzake. Na sisi tumesimama ukingoni, wiki nenda wiki rudi ni ugali wa mtama na chumvi, tunaangalia kitoweo kinaogelea kwenda zake. Nilimchukia tangu siku ya kwanza. Wewe hukumchukia. Wewe ulitaka akuone.

Ndiyo, nasema hivyo. Ulimwambia, "Bwana, mizani yako inaua. Mkubwa hawezi kubeba mwili wake kwa shavu, tumbo linamkatika ndani. Siku ya pili anaelea. Mimi nitakupa uzito wake akiwa amelala." Na ulisema kweli, wavuvi wote wa kwetu wanajua hivyo. Ukalowesha gunia, ukamlaza, ukampima urefu kwa shibiri, unene kwa kamba, ukafumba jicho moja ukasema ratili kumi na nane. Bwana akamtundika hata hivyo. Kumi na nane. Akacheka hadi kofia ikaanguka.

Hapo ndipo alipotoa ahadi yake. Samaki kumi. Wewe unasema, kisha mizani inasema. Usipokosea zaidi ya ratili moja kwa wote kumi, ataacha kuwatundika, na sisi wawili atatuandikia barua ya kwenda nyumbani kumwona Baba. Ukikosea hata mmoja, unyamaze, tumalize mkataba wetu kama wengine. Usiku ule hukulala, na mimi sikulala, nilikuwa nafikiri nitamkuta Baba amekaa upande gani wa nyumba.

Tisa ulipatia. Tisa! Kila Jumapili mimi nashika kichwa ndani ya gunia, wewe unapitisha kamba, na ukimaliza unanitania: "Bwire, hayo macho yako ni ya nini, ya kukatia vitunguu?" Watu walianza kuja kutazama. Wagogo waliacha ng'ombe wao mchangani wakaja kusimama nyuma yetu. Ulianza kutembea kwa kujivuna. Nilikuona. Sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nahesabu: saba, nane, tisa.

Kisha akaja huyo wa kumi. Mgeni wa Kilimatinde alikuwepo siku ile, amekaa kwenye kiti chake cha turubai. Bwana alivuta mpaka jasho likamlowesha mgongo, akatoka jike ambaye hatujapata kumwona mkubwa kama yeye, tumbo limejaa. Ulipoanza kupima, yule mgeni akaanza kelele kwa Kiswahili chake: "Wewe fundi nguo? Samaki nataka kanzu?" Watu wakacheka. Hata Wagogo walicheka. Na wewe ukaona aibu, ukaharakisha. Ulipitisha kamba ikapita juu ya gunia. Gunia lilikuwa limejikunja tumboni mwake, mkunjo mnene kama mkono wangu, na kamba yako ikapita juu ya mkunjo.

Niliuona, Kaka. Kichwa kilikuwa mikononi mwangu, mkunjo ulikuwa mbele ya pua yangu. Ukafunga fundo, ukasimama, ukasema kwa sauti kubwa: "Ratili arobaini na sita."

Nilinyamaza. Kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa wake mbele ya watu, sembuse mbele ya Wazungu wanaomcheka. Mkono wa Baba wa kushoto ulinifundisha hilo. Nikasema moyoni, ataona mwenyewe. Na uliona. Ulipofungua gunia ili umpeleke kwenye mizani, ukaona lilivyojikunja, ukanitazama. Mimi nikatazama maji.

Basi ukafanya ulichofanya. Ulimkumbatia yule samaki, ukaingia majini hadi kiunoni, ukamwachia. Ukageuka, ukasema: "Bwana, huyu ana mayai. Ukimtundika atakufa na watoto wake wote." Mgeni aliacha kucheka. Bwana alikuwa mwekundu, akasema maneno mawili tu, hamsa ishirini, yale ambayo kila mtu wa reli anayajua, na askari akaenda kuchukua kiboko.

Wote waliamini. Mimi peke yangu najua kwamba hukumwokoa samaki. Uliokoa jina lako. Ulikuwa radhi kupigwa kuliko mizani iseme umekosea mbele ya yule mtu kwenye kiti. Na barua yetu ya kwenda nyumbani ukaitosa mtoni pamoja na samaki, hukuniuliza, kana kwamba Baba alikuwa wako peke yako.

Halafu siku ya tatu ukarudi kubeba mataruma, mgongo haujafunga. Nilikuomba ulale. Ulisema, "Wataniona mwanamke." Siku ya tisa nilikuwa nachimba.

Simsamehe Bwana Mizani. Asifikiri nimemsahau kwa sababu nakugombeza wewe. Mkono uliopiga ulikuwa wa askari, neno lilikuwa lake, na alikula chakula chake cha jioni siku tuliyokuzika. Sasa mimi ndiye mpimaji wake. Simpi makisio. Nikiulizwa nasema, "Sijui, Bwana, tundika." Anatundika, na siku ya pili wanaelea, na sisi tunawaokota tunawala. Nimekula, Kaka, nimelamba vidole. Wanaokusifu wewe walikuwa wanagombania nami kichwa cha samaki.

Wiki mbili zilizopita alimvua tena yule jike. Nilimjua kwa ukubwa wake. Alimtundika kabla sijafungua mdomo: thelathini na tisa. Nilikaa chini. Ratili saba, Kaka. Lakini mvua zilikuwa zimenyesha na tumbo lake lilikuwa tupu, ameshataga. Mayai yana uzito gani? Wewe ungejua. Mimi nimefikiri mpaka kichwa kinauma: labda ratili sita zilikuwa mayai na ulikosea moja tu, labda tungepata barua, labda ulimwachia bure. Labda mkunjo ulikuwa zote saba. Siwezi kujua, na wewe ulihakikisha hakuna atakayejua.

Ila hili nalijua. Ningesema, "Kaka, gunia," maneno mawili, ungepima tena. Wangecheka kidogo, ungenifokea njia nzima hadi kambini. Ungekuwa hai, na Baba angetuona. Nilikuheshimu nikakuua. Ndiyo maana nina hasira nyingi hivi, na siwezi kukugawia zote.

Mama yako ataniuliza. Nitamwambia yote: kiboko, gunia, na kunyamaza kwangu. Sitamwambia maneno ya Mnyamwezi ya kukusifu hata kama atalia kuyataka. Kisha nitakaa uani kwake akinifukuza, na asiponifukuza nitamlimia shamba lake lile la mawe mpaka mmoja wetu afe. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na sikuulizi kama unaitaka.

Lala. Mawe nimeyaongeza, fisi hawatakufikia. Kipande changu cha mwisho, ile kadi ya siku za kazi, kimebaki siku kumi na mbili. Nitatoka hapa mwezi wa tatu ukianza, nitapita Tabora bila kulala mara mbili mahali pamoja, na mwezi wa nne ukiingia nitakuwa mlangoni kwa mama yako.

Bwire