Wimbo wa Mavuno Ulionyolewa na Wakwe

Mshauri wetu wa gazetini, salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi, na ukiona mwandiko unayumba usidhani nimekunywa, nilisoma misheni misimu miwili tu, mwalimu akachoka kabla yangu, basi nisaidie, maana nimejenga nyumba kwa mikono yangu na sasa sioni mlango wa kutokea.

Mimi ni mtunzi wa nyimbo za ngoma, kijiji chetu hakiko mbali na stesheni ya Dodoma, na kila mavuno tunashindana na watu wa Haneti, wao wanatutania na sisi tunawatania na kujitania wenyewe, na upande unaochekesha zaidi hujivuna mwaka mzima, na mwaka jana tulishinda kwa wimbo wa akida, mkubwa wa serikali aliye juu ya majumbe, kwamba kofia yake hufika barazani kwanza yeye akafuata baadaye, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, ila akida hakucheka, akamkemea jumbe wetu wa kijiji, na jumbe akaniita akaniambia, "Mzee Chilongani, tangu leo kila wimbo usikilizwe na ukubaliwe kabla ya kuimbwa. Wasikilizaji utawachagua mwenyewe. Lakini ukiniletea balaa jingine, kutunga basi, ukachunge mbuzi."

Mshauri, kuchagua watu ni raha, nikaona nitende haki kuliko Wadachi wanaotutawala, nikasema kila aliyetajwa katika wimbo aukague ubeti wake mwenyewe, akiridhika umepita, na hapo ndipo nilipojikanyaga, kwa sababu nilianza na mkwe wangu Masinga, baba wa mke wa mwanangu, ambaye nilimtunga kwamba alinunua mwavuli kwa Mhindi pale stesheni na mvua ilipokuja akauficha ndani ya shuka usilowe, nikamwimbia, akatazama chini, akakohoa, akasema, "Ni wimbo mzuri, mkwe," na mimi aibu ikanishika nikaufuta na kuandika Masinga ni mtu mwema, nikaenda kwa mwalimu Filipo wa kanisani, niliyemtunga kwamba hufumba macho kuomba na akiyafumbua waumini wameshafika mashambani, akasema andika mchapakazi, na jumbe, niliyesema kitambi chake hutangulia kumwamkia mgeni, akataka niandike shupavu.

Nikawaimbia wanawake wanaotupigia ngoma, mtu mwema, mchapakazi, shupavu, na Hana, mkuu wa wapiga ngoma, akaiweka ngoma yake chini akaniuliza, "Babu, nani amefariki?" na binamu yangu Ndahani, mtoto wa shangazi yangu, ambaye sikumweka katika ukaguzi kwa sababu mdomo wake hauna mlango, alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mwizi wa mbuzi wewe, wimbo huo hata panya wa ghalani hautafuni!"

Sasa uwele unapurwa, Haneti wanakuja, nikiwafukuza wakaguzi jumbe atanifukuza mimi, na nikiuimba ulivyo wajukuu wangu watahama kijiji kwa aibu, nifanyeje?

Chilongani, mtunzi kwa leo

JIBU

Mzee Chilongani, nimecheka, nimekuhurumia, sasa tulia nikukaripie.

Kuwa na wakaguzi si kosa. Ile kofia ya akida ilihitaji mtu wa kukushika mkono, na wewe unalijua hilo. Kosa lako ni kumpa kazi ya kusema kweli mtu ambaye mila imemfunga mdomo. Mkwe akwambie nini? Ukimpikia kiatu atakisifu kimeiva! Na mtu ukimpa ubeti wake aukague, atajipaka mafuta mpaka ateleze. Halafu yule mmoja anayeruhusiwa kukutukana mchana kweupe bila kutozwa faini, umemfungia nje. Mzee mzima, una binamu mtani, unamwacha akicheka ukutani!

Mkaguzi wako ni Ndahani. Rudisha beti zako za kwanza, zote, umwimbie. Asipocheka, ubeti huo umekufa, uzike. Ila asikutungie wala asikukatie neno. Yeye ni wa kucheka au kununa, kazi ya kurekebisha ni yako.

Jumbe usimwondoe, mpunguzie. Muulize jambo moja tu: "Humu kuna mkubwa wa serikali atakayekuletea maneno?" Akimtaja, toa jina hilo bila kubishana. Akigusa ubeti wa kitambi chake, mwambie kwa heshima zote kwamba kitambi si serikali. Mwalimu Filipo naye hana cha kukubali. Mwache afumbe macho.

Kuhusu Masinga, hapo nakukemea kweli. Mkwe hataniwi na mkwe, hata kwa wimbo, na hukupaswa kuambiwa na gazeti. Lakini ubeti ni mtamu, usiutupe! Watoto wa mwanao si ndio wajukuu wake? Mjukuu humwita babu yake mume, humvuta ndevu, na babu hucheka. Wape wao wauimbe, wewe tazama pembeni kama hujui ulikotoka.

Na mwenye neno la mwisho awe mmoja, Hana. Usimwongezee mwenzake, waamuzi wawili ni ugomvi. Wimbo usiompendeza yeye hauna mikono ya kuupiga, basi mpe rasmi kile ambacho tayari anacho, na umwambie jumbe hivyo mbele ya watu ili kesho pasiwe na mwingine wa kuulizwa.

Ondoka sasa, mfuate Ndahani kabla hajapeleka ng'ombe malishoni. Atakutukana, sikiliza. Kisha nenda kwa Hana. Siku atakapoibana ngoma magotini na kuanza kuipiga, ukaguzi umefungwa, hakuna tena wa kubadili neno, na wa kwanza kunyamazishwa uwe wewe mtunzi.